Krotoni za Altareni



Wengi wenu mmetuuliza zilikokwenda krotoni zilizopamba altare wakati wa Pasaka. Yatupasa kujibu kwa ukweli, kwa sababu kosa lilikuwa letu, na mtu mwingine ndiye aliyelibeba.

Asili ya krotoni ni visiwa vya Indonesia na vya Pasifiki, lakini hapa mguuni pa Kilimanjaro imekwisha kuwa mwenyeji. Twaiita ua, ingawa hakuna angojaye ichanue. Sifa yake yote imo katika majani, mekundu, ya manjano, na yenye mabaka kana kwamba mtoto ameyarushia rangi. Rangi hizo hudai mwanga mwingi. Tena ni mmea usiopenda kuhamishwa: ukiutoa juani ghafla na kuuweka penye giza, huangusha majani.

Hayo tuliyajua baadaye. Kabla ya Pasaka tuliingiza vyungu sita kanisani, na kwa kuwa vilitupendeza, tukaviacha humo, madirisha yetu yakiwa madogo kama mjuavyo. Kila aliyepita alivimwagilia kidogo, nasi pia, hata sahani za chini zikafurika. (Mizizi nayo huhitaji hewa.) Wiki ya tatu sakafu ilijaa majani. Tukamwita mzee atunzaye bustani, tukamkaripia mbele ya wanakwaya kwamba amezembea. Naye, mwenye umri wa baba yetu mzazi, alivua kofia, akanyamaza.

Jioni alirudi na msumari, akakwangua kidogo gome la kila shina. Mashina manne yalikuwa na ubichi wa kijani chini yake. Mawili yalikuwa makavu. Akavitoa nje vile vyungu vinne, akamwaga maji yaliyotuama, akaviweka chini ya mparachichi kwa siku kadhaa, ndipo akavisogeza kwenye jua la asubuhi. Hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililotukosesha usingizi.

Sisi si wazaliwa wa Uchagani, lakini miaka tuliyokaa hapa imetufundisha kazi ya sale, ule mmea wa majani marefu upandwao mipakani mwa kihamba. Aombaye radhi hupeleka jani lake, na ni vigumu mtu kulikataa. Jumapili, baada ya Misa ya pili, tulimpelekea mzee wetu, mbele ya wanakwaya walewale.

Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuzageuza.

“Baba Paroko, mmelikata wapi?”

“Mpakani, nyuma ya nyumba ya mapadri.”

“Haya, jirani asije akadhani twasogeza mpaka. Nimelipokea, Baba. Ila vile vyungu, tafadhali, msivihamishe tena.”

Vipo pale, karibu na tangi la maji. Viwili vimeanza kuchipua. Majani mapya ni ya kijani na manjano tu. Wekundu huja yanapokomaa.