Seva ya Kutumia

Safari hii sikuleta beti. Nimeleta maneno machache niliyokumbana nayo katika kazi ambayo vijana huimaliza kwa dakika kumi, nami ilinila alasiri nzima hapa Mbagala: kuweka programu ya barua pepe katika kompyuta na kuiunganisha na akaunti niliyopewa na kampuni inayoniuzia intaneti.

Kampuni hiyo, ambayo sina haja ya kuitaja, ilitutangazia wateja wake kwamba mwisho wa mwezi itazifunga anwani zote za barua pepe ilizotugawia. Intaneti itaendelea, barua zitafutwa. Kwa wengi hilo si jambo. Kwangu mimi ni miaka kumi na mmoja ya kujibizana kwa mashairi na rafiki niliyesoma naye ualimu Korogwe, akastaafu kwao Pangani, na ambaye tulimzika mwaka juzi. Hakuchapisha kitabu. Yote aliyoyatunga tangu astaafu yamo katika barua hizo, na barua hizo zilikuwa katika mashine ya watu, kwani siku zote nilizisoma kwa kuingia kwenye tovuti ya kampuni.

Aliyenizindua ni kijana mwenye duka la steshenari hapa mtaani, niliyemfundisha kidato cha pili. “Mwalimu, hizo ziko kwao, haziko kwako. Tuweke programu uzishushe.” Akanipakulia Thunderbird, ambayo haiuzwi, nasi tukaketi mbele ya dirisha lililodai maelezo. Wateja wake wengine walikuwa wamepata tangazo lile lile, kwa hiyo akaniomba, tukiendelea, nimwandikie kwa Kiswahili karatasi ya maelekezo aibandike ukutani. Hapo ndipo kazi ilipogeuka ya lugha.

Dirisha liliuliza kwanza: POP au IMAP? Herufi mbili za mwanzo za POP, kwa Kiingereza chao, zasimamia ofisi ya posta. Nikafurahi, maana sisi tuliokulia na S.L.P. tunalifahamu jambo hili kuliko mtu aliyezoea kuletewa barua mlangoni. Kwetu barua hulala katika kisanduku hadi mwenye ufunguo aifuate. POP, ambayo kanuni zake za kwanza ziliandikwa mwaka 1984, ni kwenda na ufunguo, kuzitoa barua na kurudi nazo nyumbani. IMAP, iliyobuniwa mwaka 1986, ni kuzisoma pale pale posta na kuziacha kisandukuni, ili kesho uzikute ukija na simu au kompyuta nyingine. Kwa kawaida ya leo IMAP ndiyo bora. Lakini mtu ambaye posta yake inabomolewa mwisho wa mwezi atazisoma wapi? Tukachagua POP, tukatia alama pale panaposema nakala ziachwe kwenye seva, umeme usije ukakatika tukiwa katikati.

Kisha yakaja maneno ya seva mbili: moja hupokea, nyingine hutuma. Kijana akaandika haraka: “Seva ya kupokelea. Seva ya kutumia.” Wa kwanza hauna neno. Wa pili nauomba muutazame vizuri. Kitenzi tuma kikiingia kauli ya kutendea huwa tumia, na tumia ndilo umbo lile lile la kufanyia kitu kazi. Mteja akisoma ukutani “Seva ya kutumia” ataelewa kwamba hiyo ndiyo seva anayotakiwa aitumie, ataijaza katika nafasi zote mbili, na barua hazitaingia. Katika ushairi utata wa namna hii ni mali. Nimeona watu wakiutegea mshororo mzima. Katika maelekezo ya ukutani ni hasara. Tukalifuta, tukaandika “Seva ya barua ziingiazo” na “Seva ya barua zitokazo”. Kijana alilalamika kwamba ni ndefu. Ni ndefu kweli, lakini haina njia mbili.

Penye namba ya 995 alikuwa ameandika “bandari”, kwa kufuata Kiingereza. Nikamwambia bandari tunayo, iko Kurasini, wilaya hii hii ya Temeke, na barua hizi hazipandi meli. Hapa maana ni mlango: mashine moja ina milango mingi yenye namba, kila huduma na wake. POP ya zamani hupita mlango wa 110, na barua hupita wazi kama postikadi. Ya 995 hupita ikiwa imefumbwa. Za kutoka tulizipitisha 587. Kuhusu nywila na nenosiri sikutaka ubishi, kwa sababu yote mawili yamo midomoni mwa watu. Karatasi yake inasema nenosiri, kwa kuwa hata asiyewahi kulisikia atalielewa. Na barua pepe nimeliacha lilivyo, ingawa kwa mkulima wa mpunga pepe ni punje isiyo na kiini, ile inayopeperuka ungo ukipepetwa.

Barua zikaanza kushuka. Nikamwona rafiki yangu akipita kwenye kioo, tarehe juu ya tarehe. Zilipokwisha nikatafuta majibu yangu, sikuyaona hata moja. POP hufungua kisanduku cha barua zilizoingia tu. Zile nilizotuma zilikuwa katika folda nyingine, kule kule kwenye seva. Mashairi ya kujibizana bila majibu ni nini? Yeye huuliza katika ubeti wa tatu, nami hujibu kwa vina vyake vile vile. Ukiuondoa upande mmoja, mwingine unakuwa kama mtu anayezungumza na ukuta.

Ikatubidi kuifungua akaunti ile ile mara ya pili, safari hii kwa IMAP, ambayo huonyesha folda zote, tukazivuta zilizotumwa hadi kwenye folda iliyo ndani ya kompyuta yangu. Kijana akaongeza mstari mmoja kwenye karatasi yake, kwa kalamu nyekundu.

Zake zilikuwa 638, zangu 590. Ya mwisho ina beti sita za mizani kumi na sita kwa mshororo, na wa saba una mishororo miwili tu. Vina vya kati ameviweka. Vya mwisho vya mshororo wa pili havijafika.

Nakala nimezitia katika flashi mbili. Moja ninayo. Nyingine nilimpelekea binti yake kwa basi la Tanga, ndani ya bahasha iliyoandikwa jina na namba ya simu kama tunavyofanya siku zote. Amenipigia kwamba ameipokea, na anauliza, “Baba, naifungua kwa programu gani?”