Kishikizo Kilichopoteza Mshipi

Wahenga walinena kwamba ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Methali hii yaweza kufasiriwa kwa njia nyingi, lakini maana yake moja yamwelekea mtu anayetumia umri wake kukusanya vitu ambavyo wenyewe walikwisha kuvitupa. Miongoni mwa watu wa aina hii wamo wakusanyaji wa netsuke, vinyago vidogo vya Kijapani vilivyochongwa kwa mti au kwa pembe, pamoja na inro, vibweta vya laka vilivyoandamana navyo. Aghalabu netsuke haizidi urefu wa kidole gumba, na huenea katika kiganja cha mtoto. Hata hivyo, netsuke moja yaweza kuuzwa mnadani kwa bei ya nyumba. Mtu anaponunua kitu kidogo namna hii, ambacho kazi yake ilikwisha zamani, hununua nini hasa? Makala haya yanashikilia kwamba asiyetafuta mshipi na hadithi ya kinyago chake huwa amenunua pambo bubu.

Kwanza mshipi. Katika kipindi cha Edo, kilichoanza mwaka wa 1603 na kumalizika mwaka wa 1868, vazi la kawaida la Mjapani lilikuwa kimono, na kimono haina mifuko. Mwanamume aliyetaka kutembea na kiko, tumbako, fedha au dawa alilazimika kuvining'iniza kiunoni. Vitu hivyo vilifungwa kwa uzi, uzi ukapitishwa nyuma ya mshipi, kisha ncha yake ya juu ikafungiwa kishikizo kilichouzuia kuteleza. Kishikizo hicho ndicho netsuke. Kati yake na mzigo ulioning'inia palikuwa na ushanga uitwao ojime, ambao ulisogezwa juu au chini ili kulegeza uzi au kuukaza. Netsuke, ojime na inro vilikuwa kitu kimoja chenye viungo vitatu, na kila kiungo kilimtegemea mwenzake.

Kutokana na kazi hii ya kila siku zikazaliwa kanuni za sanaa yenyewe. Netsuke haikutakiwa kuwa na ncha kali, kwani ingerarua hariri au ingevunjika mwenyewe alipoketi. Ilitakiwa ijikusanye, mfano wa mnyama aliyelala amejikunja. Ilitakiwa kuwa na tundu mbili za kupitishia uzi, zilizowekwa mahali ambapo kinyago kitaning'inia wima bila kupinduka. Isitoshe, ilitakiwa kukamilika pande zote, hata upande wa chini usioonekana, maana mwenyewe angeigeuzageuza mkononi akiwa katika mazungumzo. Baadhi zilikuwa bapa na za mviringo mfano wa andazi, na ndiyo maana zikaitwa manju, jina la andazi la Kijapani. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hatayastaajabia haya. Anafahamu kwamba mizani na vina havikumzuia malenga stadi kusema alilotaka, bali vilimfundisha kulisema kwa maneno machache yaliyokaa mahali pake. Ufinyu wa nafasi ulimtenda mchongaji wa netsuke vivyo hivyo.

Inro nayo ina ustadi wake. Jina lake ladokeza kwamba hapo awali ilihusiana na mihuri, ila baadaye ikatumiwa zaidi kubebea dawa. Ni kibweta cha vyumba vidogo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, aghalabu vitatu hadi vitano, navyo hushikana barabara kiasi kwamba mahali pa kuungana pameonekana kama ufa wa unywele. Juu yake hupakwa laka, yaani utomvu wa mti uitwao urushi. Utomvu huu humwasha mtu ngozi ukiwa mbichi. Cha ajabu ni kwamba haukauki juani. Hugandia katika hewa yenye unyevu. Fundi hupaka utando mwembamba, huusubiri ugande, huusugua, kisha hupaka mwingine, na kazi hiyo yaweza kurudiwa mara nyingi mno. Pambo la dhahabu hutiwa kwa kunyunyiza unga wa madini hayo juu ya laka ambayo haijakauka, mbinu inayoitwa maki-e. Mti mmoja uliokwisha kukua kwa zaidi ya miaka kumi hutoa gramu 200 hivi za utomvu katika msimu mmoja, na kwa desturi hukatwa baada ya hapo. Kwa hiyo, anayeshika inro ameshika subira ya watu wengi na uhai wa miti.

Ni nani waliovaa vitu hivi? Wapo samurai, lakini wapo pia wafanyabiashara wa Osaka, Kyoto na Edo, ambao walikuwa na fedha na hawakuwa na cheo. Sheria za watawala ziliwazuia watu wa tabaka lao kujionyesha kwa mavazi ya fahari. Kishikizo kidogo kiunoni hakikuvunja sheria, na papo hapo kilimjulisha anayejua kutazama kwamba mwenyewe ana mali na ana akili. Kufikia mwaka wa 1781, Inaba Tsuryu wa Osaka alipochapisha kitabu chake Soken Kisho kuhusu mapambo ya panga, aliona inafaa kuorodhesha wachongaji wa netsuke zaidi ya hamsini. Mmoja wao ni Tomotada wa Kyoto, aliyesifika kwa kuchonga ng'ombe waliolala. Sifa yake ilimletea waigaji tangu enzi hizo, na hadi leo jina lake limechorwa chini ya ng'ombe wengi ambao hakuwahi kuwaona. Kwa upande mwingine, netsuke nyingi bora hazina jina lolote. Mtunzi wake amepotea, kama walivyopotea watunzi wa methali na vitendawili vyetu.

Pili, hadithi. Netsuke haichongwi ili itazamwe tu. Huchongwa ili isomwe. Mtu anayejaribu kumkandamiza kambare kwa kibuyu ni fumbo la jambo lisiloshikika. Buli lenye mkia na miguu ni kisa cha mnyama mwenye hila aliyejigeuza chombo cha kuchemshia maji ya chai. Ipo pia netsuke ya kima anayepigana na pweza, na hii yastahili kumsimamisha mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi ya Kiswahili. Nyuma ya ugomvi huo kuna ngano ya Kijapani isemayo kwamba katika jumba la mfalme wa bahari palikuwa na ugonjwa ambao dawa yake ni ini la kima. Mjumbe akatumwa nchi kavu kumhadaa kima. Katika masimulizi mengine mjumbe huyo ni kasa, katika mengine ni konyeza. Kima alipogundua hila wakiwa safarini, akasema kwamba kwa bahati mbaya ameliacha ini lake mtini, basi na warudi wakalichukue. Konyeza kwa upumbavu wake akapigwa hadi mifupa yote ikamtoka, na ndiyo sababu hana mfupa mpaka leo.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshaanza kutabasamu. Huyu ni kima wetu wa mkuyuni, na yule mjumbe ni papa wetu aliyemchukua mgongoni akitaka moyo wake uwe dawa ya sultani. Kima wa pwani alijibu vilevile: moyo umebaki mtini. Edward Steere alikichapisha kisa hicho mwaka wa 1870 katika mkusanyiko wake wa ngano alizozipata Zanzibar, kikiwa kimebeba ndani yake kisa cha punda wa dobi. Chimbuko la matoleo yote mawili hutafutwa Bara Hindi, katika Panchatantra na katika masimulizi ya Kibuddha yaitwayo Jataka. Hadithi moja ilisafiri mashariki ikawa ini, ikasafiri magharibi ikawa moyo. Asiyeijua atamwona kima na pweza wakikamatana, atasema ni kichekesho, na atakirudisha kinyago kabatini. Anayeijua ameshika kiganjani bahari nzima ya Hindi na Pasifiki.

Mshipi ulipotea kwa ghafla. Baada ya mageuzi ya mwaka wa 1868, Japani ilifungua milango kwa mitindo ya Kizungu. Mwaka wa 1872 mavazi rasmi ya serikali yakawa ya Kizungu, na mwaka wa 1876 samurai wakakatazwa kubeba panga hadharani. Suruali na koti vilikuja na mifuko, na sigara zikachukua nafasi ya kiko. Haikuhitajika amri ya kuipiga marufuku netsuke, kwani mfuko wa koti ulitosha. Familia nyingi zikauza vishikizo vya babu zao, na wageni kutoka Ulaya na Marekani wakanunua kwa wingi. Ganda la muwa likawa kivuno.

Kivuno kinachojulikana zaidi ni cha Charles Ephrussi, aliyenunua netsuke 264 mjini Paris katika miaka ya 1870. Mwaka wa 1899 alizituma Vienna ziwe zawadi ya harusi ya binamu yake Viktor. Mwaka wa 1938, Wanazi walipoitwaa Austria, familia hiyo ya Kiyahudi ilinyang'anywa jumba na karibu mali yote. Edmund de Waal, kitukuu wa Viktor, anasimulia katika kitabu chake cha mwaka wa 2010, The Hare with Amber Eyes, kwamba mtumishi aitwaye Anna alizitoa netsuke chache chache katika mfuko wa aproni yake, akazificha ndani ya godoro lake, na baada ya vita akamrudishia binti wa nyumba hiyo. Kinaya kilichoje! Mfuko ndio uliozinyima netsuke kazi, na mfuko ndio uliokuja kuziokoa. Kinaya cha pili ni kichungu zaidi: jina la ukoo la Anna halikuhifadhiwa katika kumbukumbu za familia. Jina la mnunuzi linajulikana duniani kote, na la aliyehatarisha maisha yake limepotea pamoja na ya wachongaji. Mwaka wa 2018 netsuke 79 kati ya hizo ziliuzwa kwa faida ya wakimbizi, na nyingi za zilizobaki zikapelekwa Vienna, katika Jumba la Makumbusho la Wayahudi.

Tatu, kuna swali ambalo msomaji wa Kenya hawezi kulikwepa. Japani haina ndovu. Kila netsuke ya pembe ilichongwa kwa mali iliyovuka bahari, hata kama wakati mwingine ilikuwa kipande kilichosalia baada ya kuchongwa kigongea cha ala ya nyuzi iitwayo shamisen. Kabla ya mwaka wa 1989 Japani ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa pembe duniani, hasa kwa ajili ya mihuri ya majina. Julai mwaka huo Rais Daniel arap Moi aliwasha moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na Oktoba mataifa yakakubaliana kusitisha biashara hiyo ya kimataifa. Aprili 2016 Kenya ilichoma tani 105. Uingereza, iliyo na mikusanyiko mingi ya netsuke, ilipitisha sheria mwaka wa 2018, ikaanza kutekelezwa Juni 2022, inayokataza biashara ya pembe hata za kale isipokuwa vitu vichache vilivyoainishwa.

Wapo wakusanyaji walionung'unika kwamba ndovu aliyekufa miaka 200 iliyopita hafufuliwi kwa kumzuia mtu kuuza kinyago. Hoja yao ina ukweli, lakini haikamiliki. Pembe mpya huchovywa katika chai ikapata rangi ya ukale, na mwuzaji akaapa kwamba ni ya karne ya 18. Soko la pembe kuukuu ndilo kichaka cha pembe mpya. Netsuke za pembe zilizopo zina haki ya kuhifadhiwa katika majumba ya makumbusho, ambako watu watazisoma bila kuzinunua. Anayeanza kukusanya leo ana netsuke za mti, ambazo wachongaji wengi mahiri walizipenda pia, na hatapungukiwa na chochote.

Mtu huyo anayeanza atafanya vyema kuangalia tundu kabla ya kuangalia sura. Katika netsuke nyingi za kweli tundu moja ni pana kuliko jingine, kwa kuwa humo ndimo fundo la uzi lilimofichwa. Mwigaji ambaye hajawahi kuwazia mshipi hutoboa tundu mbili zinazolingana, mahali popote. Kisha aangalie mikwaruzo na ulaini uliosababishwa na vidole na hariri kwa miaka mingi. Wajapani huuita nare, na wakusanyaji huuthamini kama saini. Mwisho, aulize: hawa ni akina nani, na wanasimulia nini?

Sanaa yenyewe haijafa. Katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo kimo chumba, kilichofunguliwa mwaka wa 2011, chenye mkusanyiko wa Mwanamfalme Takamado, aliyefariki mwaka wa 2002. Yeye na mkewe walikusanya kazi za wachongaji wa wakati wao, si za marehemu tu. Huo ndio ukusanyaji wenye tija, kwa kuwa uliwapa mafundi walio hai sababu ya kuketi tena na patasi. Ngano zetu nazo zimo vitabuni na maktabani tangu siku za Steere, zimehifadhiwa vizuri na vumbi limetanda juu yake. Ni mpaka pale mtu atakapomsimulia mtoto habari za kima na papa ndipo moyo ule utakapotoka mtini.