Punguza Besi

Ukuta wa sebuleni kwetu umepakwa rangi ya krimu. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo miaka yote niliyoishi katika nyumba ile, hadi jioni moja ya Novemba 2023 nilipowasha projekta ya kuazima na uso wa baba yangu ukatokea ukutani ukiwa wa manjano, kama wa mtu anayeumwa ini.

Shangazi akasema, "Hapana. Huyo siye."

Ilikuwa siku ya misa ya kumbukumbu, mwaka mmoja tangu afariki. Mpango ulikuwa tutundike shuka jeupe nje, kati ya mparachichi na choo cha zamani, ili majirani wote wa Rhotia waone. Mvua ikaharibu mpango. Padri aliondoka mapema akihofia barabara, majirani wakala pilau wakatawanyika, na tukabaki ndugu kama kumi na watano ndani ya sebule, makochi yamesogezwa, watoto sakafuni. Aama, bibi yangu mzaa baba, alikaa kiti cha mbele kabisa. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ukitaka chumvi unaonyesha kwa kidole.

Video yenyewe ilikuwa ya dakika kumi na moja. Ilipigwa Julai 2017 pale juu kwenye kingo za Ngorongoro, sehemu ya kutazamia kreta, ambapo magari yote husimama baada ya kupita lango la Lodoare na kupanda msitu wenye ukungu. Baba alikuwa dereva na mwongozaji wa watalii kwa miaka mingi. Wageni wake siku hiyo walikuwa familia ya Wajerumani: mzee, mkewe, na binti yao aliyeshika kamera. Mzee huyo alikuwa amekuja kwa sababu ya filamu aliyoiona utotoni, ile ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti, iliyotoka 1959 na kupata tuzo ya Oscar. Wageni wa umri ule kutoka Ujerumani karibu wote walimwuliza baba habari ya filamu hiyo, naye alikuwa anapunguza mwendo kila alipopita kaburi la Michael Grzimek pale juu kingoni, kijana aliyeanguka na ndege Januari 1959 kabla filamu haijaisha. Baba alisema ukipita pale bila kupunguza mwendo unapoteza bakshishi. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Mwaka 2019 mzee wa Kijerumani alimpa rafiki yake aliyekuwa anakuja Tanzania flashi yenye video ile, ikamfikia baba. Baba akanipa mimi. "Nifungulie nione," akasema. Nilikuwa mwaka wa kwanza Dodoma, likizo. Nikaichomeka kwenye laptopu, laptopu ikagoma: faili lilikuwa la MTS, aina inayotoka kwenye zile kamera ndogo za mkononi, na programu niliyokuwa nayo haikulijua. Kulikuwa na kazi ya dakika tano tu, kupakua VLC. Sikuifanya. Nikamwambia, "Baba, hii inahitaji programu."

Nilikuja kuipakua siku chache baadaye kwa shughuli zangu. Nikafungua video, nikaona kivuli cheusi mbele ya anga jeupe, nikasikia upepo ukinguruma kama lori, nikafunga kabla dakika moja haijaisha. Baba sikumwambia.

Halafu ikaja 2020. Watalii wakakatika, hoteli za Karatu zikafunga, vyuo vikafungwa Machi na mimi nikarudi nyumbani. Baba, aliyekuwa hajawahi kukaa nyumbani mwezi mzima tangu nizaliwe, akawa yupo. Alikodi shamba la vitunguu Mang'ola kule kwenye bonde la Eyasi, akapata hasara, akarudi. Jioni alikuwa anakaa kwenye kochi na kusema, "Ile video ya wale Wajerumani, programu ilipatikana?" Aliuliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisema bado. Mara ya pili nilisema laptopu inasumbua. Mara ya tatu sikumbuki nilisema nini, lakini nakumbuka nilikuwa na simu mkononi na sikuinua macho.

Novemba 2022 akafariki. Flashi ilikuwa kwenye mfuko wa begi langu la chuo, pamoja na kalamu zilizokauka.

Basi nilikuwa na deni, na deni lenyewe lilikuwa la kiufundi, ambalo kwa mtu kama mimi ni nafuu. Projekta nazijua tangu nikiwa darasa la sita, pale Karatu mjini, kwenye kibanda umiza ambako mpira wa Uingereza ulionyeshwa kwa kiingilio cha shilingi mia mbili. Mwenye banda aliniruhusu kuingia bure kwa sharti la kufuta vumbi kwenye lenzi na kushika rimoti. Kutoka kwake nilijifunza kwamba projekta ikikaa chini na kuinuliwa pua, picha inatanuka juu kama sufuria, na kwamba kuna kitufe cha kuinyoosha lakini kinakula ukali wa picha, kwa hiyo ni bora utafute matofali uiinue yenyewe. Nilijifunza pia ladha ya wateja wake. "Dogo, watu wanataka nyasi," alikuwa anasema. Akaweka rangi juu kabisa, uwanja wa Old Trafford ukawa kijani cha kuumiza macho, na besi juu kabisa, mtangazaji akawa anaongea ndani ya pipa. Hakuna aliyelalamika.

Ndivyo nilivyoiweka projekta jioni ile bila kufikiri. Mbuga ikawa kijani, anga likawa la bluu, Wajerumani wakawa wekundu kama nyanya, na baba akawa doa lenye miwani.

Nilianza na ukuta. Kwenye menyu kulikuwa na sehemu ya kuiambia projekta rangi ya mahali inapomulika: ubao mweusi, ubao mweupe, krimu. Nikachagua krimu, umanjano ukapungua. Shangazi akanyamaza, lakini hakusema ndiye.

Tatizo kubwa lilikuwa kwenye kamera yenyewe. Binti wa Kijerumani alikuwa amesimama akielekea kreta, mwanga wote ukitoka nyuma ya baba, na kamera ikajipima kwa anga na kwa nyuso za wazazi wake. Hili lina historia ndefu. Kwa miongo mingi maabara za picha Marekani na Ulaya zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Kodak walipokuja kuboresha filamu zao ili zione vizuri rangi za kahawia, sehemu ya msukumo ilitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitokei vizuri kwenye matangazo. Yaani kabati lilipata mtetezi kabla ya baba yangu.

Na projekta ina ukomo wake. Haiwezi kutoa weusi. Inatoa mwanga tu. Weusi unaouona kwenye picha ni mahali ambapo ukuta haukumulikwa. Kwa hiyo uso wa baba, jinsi ulivyokuwa, sehemu kubwa ulikuwa ni ukuta wetu. Nikamwomba binamu azime taa ya jikoni, na mama mdogo afunike kioo cha mlango kwa kanga. Kisha nikapandisha mwangaza, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu kitufe cha mwangaza kinainua giza lote kwa pamoja: baba akawa wa kijivu, kreta ikajaa moshi. Nikaurudisha. Nikaenda kwenye gama, ambayo watu wengi hawaigusi. Gama inainua yale ya katikati, yasiyo giza kabisa wala mwanga kabisa, na kuyaacha mengine mahali pake. Nikaipandisha hatua moja. Ya pili. Likatokea shavu. Likatokea lile kovu juu ya nyusi alilolipata akifungua boneti. Anga nyuma yake likachujuka, twiga waliokuwa wanapita mbali msituni wakapotea kabisa, lakini nani alikuja kuangalia twiga.

Shangazi akasema, "Eeh." Ndiyo hiyo tu.

Sauti ilinishinda zaidi. Kwanza haikusikika, kwa sababu waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja, na sauti yote ilikuwa inaingia kwenye kispika cha projekta, kidogo kama cha redio ya mfukoni, chini ya mvua ile. Nilikuwa nimeazima spika ya kwaya, nikachomeka waya wake nyuma ya projekta. Ukaja upepo. Sebule nzima ikatetema, mtoto mmoja akaanza kulia. Mle ndani kabisa ya ngurumo kulikuwa na mtu anaongea.

Upepo unaopiga kipaza sauti cha kamera unakaa chini, kwenye besi. Mvua juu ya bati inakaa juu, kwenye trebo. Sauti ya mtu iko katikati. Simu za zamani zilipitisha kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na watu walitongozana, wakagombana na kupeana habari za misiba kwa nafasi hiyo. Nikafungua kisawazishi cha VLC, chenye vitelezi kumi. Vile viwili vya kushoto nikavishusha hadi chini. Kwenye spika ya kwaya nikapunguza besi, ambayo mwenye kwaya alikuwa ameifunga kwa selotepu ili isiguswe. Nikapandisha vya katikati.

Baba akasema, kwa Kiingereza chake cha kazini, kwamba kreta ina kilomita za mraba 260 na kwamba kutoka hapo waliposimama hadi chini ni futi elfu mbili.

Nilikuwa nimesahau ile sauti ya kazini. Nyumbani alikuwa na sauti nyingine, ya Kiswahili, kwa sababu mama ni Mpare wa Same na Kiswahili ndiyo lugha waliyokutana nayo. Kiiraqw alikizungumza na ndugu zake na Aama, nyuma ya nyumba, na sisi watoto tukabaki na "saita" ya kusalimia na majina ya vyakula. Watu wa mjini hutuita Wambulu na kutuuliza tunasemaje hiki na kile, na mimi nimekuwa nikibuni majibu tangu sekondari. Lugha yenyewe ni ya Kikushi, haina undugu na za Kibantu zinazoizunguka. Huwezi kubahatisha hata neno moja.

Dakika ya nane, mzee wa Kijerumani akamwomba baba aseme kitu kwa lugha yake. Baba akacheka. Akavua kofia, akageukia kreta, na akaanza kusema mistari mifupi mifupi, sauti ikishuka mwishoni mwa kila mmoja. Nilijua ni nini kwa umbo tu: slufay, maombi ya Wairaqw ambayo mzee hutamka mstari na waliopo huitikia. Alifanya nusu utani, kwa watalii. Kingoni pale hakuna aliyemwitikia, ni upepo tu.

Aama akaitikia.

Hakusogea kwenye kiti. Mstari uliofuata akaitikia tena, na shangazi akaingia, na baba mkubwa aliyekuwa mlangoni akiangalia mvua. Video haikuwasubiri. Walikuwa wanachelewa kidogo, wanamwingilia, naye anaendelea. Ilidumu kama dakika moja na nusu. Kisha Wajerumani wakapiga makofi na binti akageuza kamera kwenye maua.

"Amesema nini?" nikauliza.

Aama akacheka kwanza. Alisema baba aliomba mvua, aliomba ng'ombe wazae, aliomba wageni hawa wafike kwao salama na wamwachie chochote. Kisha akamtaja kijana wake mwenye kichwa kigumu, aombewe arudi.

"Asome," shangazi akasema. "Alisema asome."

"Arudi."

Nikarudisha nyuma. Neno lenyewe lilikuwa limepigwa na upepo katikati. Nikashusha kitelezi cha tatu, sauti ikawa nyembamba kama ya mbu, neno halikutoka. Nikapandisha. Nikajaribu upande wa kushoto wa spika peke yake, kisha wa kulia. Mvua ilikuwa imepungua, watu wote kumi na watano wamenyamaza, na mimi nikairudisha sekunde ile ile mara nane, mara tisa. Baba mkubwa akasikia asome. Mama mdogo akasikia kitu cha tatu, ambacho hawakunitafsiria. Mimi, niliyekuwa na vitelezi vyote kumi mkononi, ndiye peke yangu sebuleni niliyekuwa sisikii neno lolote.

Projekta ikawaka taa ya joto. Nikasitisha video pale alipoanza kuvua kofia, nikaacha feni ivume.

Aama alikuwa bado anaangalia ukuta. "Na kule mwanzo," akaniuliza, "kile Kizungu, alikuwa anawaambia nini?"

Nikamwambia: kilomita za mraba 260. Futi elfu mbili hadi chini.

"Futi ndiyo nini?"

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na kiti chake, na nikaanza kumpimia kwa mikono.