Rahaleo: Zamu Yako, Mpenzi

Ukiwaambia rafiki zako wa Dar es Salaam kwamba wikiendi unakwenda Mtwara kumwona mumeo, wa kwanza ataagiza korosho, wa pili atakuuliza habari za gesi, na wa tatu, yule mnayejuana sana, atakusogelea na kukuuliza kwa sauti ya chini: "Hivi nyie mtaishi hivyo mpaka lini?" Swali hilo la tatu ndilo nililokwenda nalo kusini safari hii, limekaa kwenye begi pamoja na kanga na mswaki.

Mume wangu anafanya kazi Mtwara mwaka wa pili sasa. Amepanga vyumba viwili Rahaleo, mimi nimebaki Dar na kurasa zangu za kuhariri. Kati yetu kuna zaidi ya kilomita 500 za lami. Wenye umri kutuzidi wanakumbuka enzi za kulala foleni kwenye kivuko cha Ndundu, kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003. Sisi wa leo tunapanda basi alfajiri na jioni tumefika, au tunajinyima tukapanda ndege. Lakini barabara hiyo nayo ina siku zake. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata maeneo ya Somanga, na kwa siku kadhaa ndoa yetu ikawa ya simu tu. Na simu, jamani, ina ubaya mmoja kwa wapenzi walio mbali: wote wawili mnaongea kwa pamoja, halafu wote wawili mnanyamaza kwa pamoja.

Jina Rahaleo ni zuri kiasi cha kukutia wivu. Zanzibar nako ipo Rahaleo yao, lakini hii ya Mtwara ni kata ya mji uliojengwa kwa ajili ya kesho. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walikuwa na mradi wao mkubwa wa karanga huku kusini, wakachora mji wenye barabara pana, wakajenga bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga ziligoma, mradi ukafutwa mwaka 1951, na reli yenyewe ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Barabara pana zikabaki, bandari ikabaki, na watu wa mtaani wakajitafutia raha yao ya leo. Jioni utaiona barazani: kahawa, korosho za kukaanga, sahani ya ming'oko iliyochemshwa, na ubao wa bao uliozungukwa na wanaume sita ambao wawili tu ndio wanaocheza, wengine wote wanajua zaidi.

Sasa naomba nikutambulishe ugonjwa wangu. Mwenzenu napenda gemu. Siyo zile za kukimbiza magari wala za risasi, hapana, ni zile za Kijapani za kupigana kwa zamu: unachagua la kufanya, mtu wako analifanya, kisha adui naye anajibu, na katikati hapo hakuna anayekuharakisha. Unaweza kwenda jikoni kugeuza chapati, ukirudi vita imekungoja. Dragon Quest ndiyo iliyoupa mtindo huu umaarufu kule Japani mwaka 1986, mwaka uliofuata ikaja Final Fantasy, na mimi nilinaswa nikiwa chuo, kwenye PlayStation 2 ya kaka yangu, na Final Fantasy X ya mwaka 2001. Siku hizi ninayo kwenye Nintendo Switch, inaingia kwenye mkoba, na safari ya basi ya Mtwara inakwisha sijui hata tulipopita Kilwa.

Utamu wa gemu hii uko kwenye mapigano yake. Pembeni ya skrini kuna mstari wa picha ndogo unaokuonyesha nani anafuata, wewe au adui. Kila tendo lina gharama yake ya muda, hivyo kuna pigo la kukurudishia zamu mapema na kuna la kukusukuma nyuma, na ukimtia mwenzako wepesi picha yake inapanda juu. Timu ina watu 7, uwanjani wanaingia 3, na unaweza kumtoa mmoja na kumwingiza mwingine katikati ya pambano bila kupoteza zamu. Wakka na mpira wake anawafikia ndege, panga la Auron linapasua magamba, Lulu ana uchawi kwa wale wasiodhurika kwa chuma. Hakuna anayefaa kila mahali. Nimeicheza mara tatu tangu mwanzo mpaka mwisho na bado inanifikirisha.

Ijumaa jioni nilikuwa barazani kwetu Rahaleo na mashine yangu, mume hajarudi kazini, mzee jirani akapita na fimbo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hicho unachokitazama nusu saa bila kukigusa ni nini?"

Nikamwambia ni mchezo, nafikiria zamu yangu. Akavaa miwani, akaniuliza zile picha za pembeni ni nini, nikamweleza. Akaangalia kidogo.

"Kumbe bao," akasema, akaniita kwake.

Kwa kawaida ubao wa bao ni mahali pa wanaume, ukweli ndiyo huo, na wale waliokaa pale walinitazama kama niliyeingia msikitini na viatu. Lakini mzee alimtuma mjukuu wake alete kigoda, na mambo yakaishia hapo. Kwa wasioujua, bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, ambazo ni mbegu za komwe. Mnaanza na kete 10 kila mmoja ubaoni na 22 mkononi, na kila zamu unatia moja mpaka mkono uishe. Huko ndiko kunamua. Baada ya hapo mnahamia kwenye mtaji, mnacheza na zilizo ubaoni tu. Ukila, zile ulizokula unazipanda kwenye safu yako ya mbele kuanzia kichwani, na kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete safari inaendelea, unakula tena, unazunguka tena. Kete moja inaweza kugeuza ubao mzima. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar hadi akaandika tasnifu juu yao mwaka 1995, maana kuihesabu mizunguko hiyo kichwani si mchezo. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, kwa hiyo msiniambie ni mchezo wa wasio na kazi!

Mambo mawili yalinikaa. Kwanza, ukiweza kula ni lazima ule, hata kama kula huko kunakuharibia. Mzee alikuwa ananitegea kete nono, nazila, kisha ananifagia. Alinifunga mara tatu mfululizo, mbili kati ya hizo mkononi, yaani kete za kunamua hata hazijaisha. Pili, kuna shimo moja linaloitwa nyumba. Ndimo akiba ilimo, na mchezaji anailinda kwa kila hali. Ila mzunguko wa kula ukiishia nyumbani kwako, unapewa uamuzi: ulale hapo, au uzichote kete zote nyumba iende safari. Ukienda mapema unabaki mtupu. Ukichelewa, mwenzako anaila yote ikiwa imejaa.

"Sasa mzee, utajuaje wakati wake?"

"Tazama ubao wa mwenzako kwanza, mwanangu. Wako unaujua."

Usiku nilimhadithia mume wangu, akacheka, kisha akaomba pedi. Tulikuwa tumefika kwa Yunalesca, na waliocheza Final Fantasy X wamekwisha shtuka kwa jina hilo. Huyu mama anakugeuza mizuka, hali ambayo dawa ya kuponya inakuumiza badala ya kukusaidia. Kila mchezaji mgeni anakimbilia kuiondoa. Lakini akifikia umbo lake la tatu anatupa pigo la mauti kwa timu nzima, na anayesalimika ni yule tu ambaye bado ni mzuka. Uliyejiwahisha kujitibu umekwisha. Tulikufa mara mbili, tukicheza kwa kupokezana: zamu moja yangu, moja yake, na asiye na pedi marufuku kusema. Saa sita usiku tukamwangusha, tukapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Halafu hatukulala. Nani aliyeanza sikumbuki, ila tulilizungumza lile swali la rafiki yangu kwa sheria ileile: mmoja anaongea mpaka amalize, mwingine kimya. Yeye alitangulia. Akaniambia anakula chakula cha usiku akiwa amesimama jikoni, kwa sababu akikaa mezani peke yake chakula hakipiti. Miaka miwili ya simu sikuwahi kulisikia hilo. Zamu yangu ikaja. Nikamweleza kwamba mama yangu aliacha ualimu kumfuata baba kwenye uhamisho, na hakushika chaki tena maisha yake yote, na kila akisema "njoo Mtwara" mimi naiona ile chaki. Akafungua mdomo kunituliza, ile "haiwezi kutokea kwako" ambayo wanaume wanayo tayari mfukoni. Akaufunga. Ilikuwa zamu yangu bado. Nikaendelea, na kwa kweli yaliyofuata yalikuwa mazito kuliko ya mwanzo, nayo ni yetu wawili.

Jumamosi tulitembea. Kama utakwenda na laazizi wako, Mikindani iko kama kilomita 10 tu: mji mkongwe wa Waswahili, boma la Wajerumani la mwaka 1895, na ghuba ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Msimbati ni mbali kidogo, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Mchanga wake, we acha tu. Ukisogea kusini unakutana na mikoko na mto wenyewe, ng'ambo ni Msumbiji. Bebeni maji na kofia, na msitarajie hoteli za kifahari kila kona. Kama muda ni mfupi, pandeni kivuko cha Msangamkuu, nauli yake haitawaumiza.

Jumapili asubuhi tulirudi mezani, safari hii na kalamu, tukahesabu kodi mbili, nauli, bando, na siku ambazo lazima niwe Dar toleo linapofungwa. Mhariri mkuu amenikubalia miezi mitatu ya kufanyia kazi Rahaleo, kuanzia Januari, kiti changu Dar kikiwa bado changu na barua ya kuthibitisha hivyo nikiwa nayo mkononi. Mwisho wa Machi tutakaa tena tuseme kama tunaendelea au narudi. Tumeshakubaliana kwamba siku hiyo nitaanza mimi.