Sabasaba na Kipande cha Mkongo Mfukoni

Kijana wa mjini ukimtajia Sabasaba, haraka haraka anawaza chipsi kuku, muziki na picha za kupiga na mpenzi. Sawa, kula ujana. Lakini, msomaji wangu, tuko wengine tunaoingia pale na mbao kwenye begi.

Usicheke. Mimi ni mtu wa Nyasho, Musoma. Kidato cha nne nilimaliza, ajira sikuiona, nikajifunza useremala kwa fundi mmoja wa mtaani. Zana zote za kuazima. Mwenye randa akiwa na kazi, wewe unakaa kijiweni unapiga soga. Ndipo Mama akafungua pindo la khanga. Yeye anauza dagaa pale Mwigobero, na laki 3 alizonipa ndizo zilikuwa mtaji wake.

"Krismasi nataka hela yangu, mwanangu," akasema. "Usipoirudisha, tutabaki kutazamana humu ndani."

Zana Musoma zipo, ila dukani unaziona ndani ya boksi. Kwenye maonyesho zinajaribiwa. Dada yangu wa Temeke akanitumia nauli, na Julai 2023 nikatua viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Hata Sabasaba yenyewe ina damu ya Mara: ni siku ilipozaliwa TANU, Julai 7, 1954, na rais wake wa kwanza alikuwa mtoto wa Butiama.

Basi bwana, wauzaji wa pale wana maneno matamu kuliko barua za mapenzi. Binti mmoja aliwasha randa ya umeme, ikanguruma, maranda yakaruka kama mvua.

"Kaka, laki 2 na nusu tu!"

Moyo ukadunda. Mashine bomba, na binti mwenyewe... tuyaache hayo. Yeye alikuwa anaranda mbao laini ya msonobari. Nikatoa kipande changu cha mkongo, mti mgumu. Mashine ikapita kwa tabu, ikaacha uso umechanikachanika.

"Na kisu chake kikiisha, Musoma nakipata wapi?"

"Utaagiza huku huku, kaka," akacheka.

Nikapiga hesabu. Visu kutoka Dar, umeme wa LUKU, na mkononi ibaki elfu 50 bila hata msumeno. Nikaaga kistaarabu.

Banda jingine nikamkuta mzee anauza zana za mkono. Shikamoo, marahaba, tukaelewana. Alinipa somo ambalo nakugawia bure.

Randa igeuze, weka rula ya chuma upande wa chini, itazame kuelekea kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, imepinda, irudishe.

Msumeno, angalia meno. Ncha zikiwa nyeusi, zimechomwa ili ziwe ngumu. Zinakata vizuri mwanzoni, lakini tupa haizinoi. Makali yakiisha, na wewe umekwisha. Chukua wenye meno ya rangi moja na bapa lake.

Patasi, tazama mpini. Ukiwa wa mti, uwe na pete ya chuma juu, maana utagongwa kila siku na bila pete utapasuka.

Nikanunua randa, msumeno wa kupasulia na wa kukatia, patasi 3, tupa na jiwe la kunolea. Vyote laki 2 na elfu 20. Iliyobaki ikanunua mbao za kazi ya kwanza, stuli 4 za mama ntilie wa jirani.

Krismasi ilipofika, Mama alikuwa ameshika laki 2 na nusu. Elfu 50 alizipata Februari, baada ya maneno kidogo. Siku hizi akitembelewa na wageni, anawakalisha kwenye kiti nilichochonga, halafu anasubiri waulize kimetoka wapi.

Sisemi mashine ni mbaya. Mwenye oda za milango kila wiki, aikamate. Ila wewe unayeanzia nyuma ya nyumba ya mama yako, nunua zana unayoweza kuinoa mwenyewe, na ijaribu kwenye mbao uliyotoka nayo kwenu. Muuzaji akikataa, mpungie mkono.

Ukishamaliza hayo, chipsi kuku ruksa.