Kobe wa Eastleigh

Nilizaliwa Eastleigh, na utoto wangu wote sikujua kwamba duniani kuna Eastleigh nyingine. Yetu ni ile ya Nairobi, Isilii kwa midomo yetu, yenye kambi ya ndege za jeshi upande mmoja na maduka upande wa pili. Ile nyingine niliifumania mwaka 1988, nikiwa ndani ya treni kutoka London, na koti lisilofaa baridi ya huko. Tulipokaribia Southampton treni ikasimama, nikaona ubao wa kituo umeandikwa jina la kwetu. Niliinuka nusu nikidhani nimerogwa, kisha nikacheka peke yangu. Mama aliyeketi mbele yangu akainua gazeti lake juu zaidi.

Kazi niliyoijua ilikuwa faiba. Nilifundishwa Mombasa na mjomba wangu, aliyekuwa akiziba boti za wavuvi na za hoteli, na alinifundisha kwa masikio kabla ya mikono. "Mpwa wangu, gonga kwanza," alikuwa akisema. Faiba nzima hulia kavu, ko ko ko. Iliyoachana kwa ndani hulia kama nazi iliyoharibika. Kwa ujuzi huo nikapata kibarua kwenye gereji moja ya bodi pale Southampton, mji wenye mashua nyingi kuliko nilivyotarajia, ingawa nilichoombea hasa kilikuwa magari. Nilitaka Jaguar. Nilitaka kitu cha kupigia picha nikaitume nyumbani.

Februari ya 1989 wakaniletea gari nisilolijua. Refu, la milango miwili, rangi ya kijivu iliyochoka, taa nne za mbele zimepangwa mbilimbili kwa kuinama kama macho ya mtu anayekutilia shaka. Kwenye boneti, mahali ambapo wenzake huweka chui, farasi au mabawa, palikuwa na kobe. Kobe wa manjano na kijani. Nikagonga ubavuni: ko ko ko. Plastiki! Wenzangu wakawa wameshaanza kucheka. Lile lilikuwa gari langu, walisema, kwa sababu mimi ndiye fundi wa mitumbwi.

Gari lenyewe linaitwa Gordon-Keeble. Yalitengenezwa 100 tu, na yaliundwa pale Eastleigh, kisha Southampton, kuanzia mwaka 1964, mwaka niliozaliwa mimi kwenye Eastleigh yetu. Sikuyajua hayo siku ile. Nilichokijua ni kwamba bodi ilikuwa na nyufa nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui juu ya gurudumu la mbele, na kwamba mwenyewe alikuwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuja kila siku saa nne kuangalia kazi inavyokwenda. Alileta chai yake kwenye chupa. Alikuwa na mbwa, na mbwa alikuwa na mahali pake kwenye kiti cha nyuma.

Ni yeye aliyenisimulia. Bwana John Gordon na Bwana Jim Keeble walikuwa wameiona injini ya Chevrolet Corvette ikitiwa ndani ya gari la Kiingereza, wakaona hapo pana jambo. Wakaunda chesisi ya mabomba ya chuma ya pembe nne, wakaipeleka Turin kwa Bertone, ambako kijana wa miaka 21, Giorgetto Giugiaro, aliichorea bodi. Mfano wa kwanza ulishonwa kwa siku 27 ili uwahi maonyesho ya Geneva ya Machi 1960. Huyo Giugiaro ndiye aliyekuja kuchora Volkswagen Golf ya kwanza, na Fiat Uno pia, zile Uno tulizozizoea barabara za Nairobi. Nilipoambiwa hivyo nilirudi nyuma hatua tatu nikalitazama upya lile gari la kijivu, nikaona kwamba mistari yake haina hata mmoja uliozidi.

Na kobe? Siku ya kulipiga picha, kobe wa kufugwa alijikokota hadi mbele ya gari. Wakamwona, wakacheka, wakamfanya nembo. Napenda sana kwamba hawakukaa kikao. Injini ya lita 5.4, nguvu farasi 300, gari linalopita kilomita 200 kwa saa bila kuhema, na kwenye paji la uso kobe. Kwetu ambako kobe katika hadithi ndiye mwenye akili, mzaha huo haukuhitaji kufafanuliwa.

Wale vijana wa gereji hawakuvutiwa. Kama injini ni ya Mmarekani, waliuliza, na sura ni ya Mtaliano, Mwingereza ameweka nini hapo? Mmoja akajibu, "Kobe." Tulicheka sote, hata mimi, na mzee akacheka pia, lakini baadaye aliniambia kitu ambacho naona ndicho jibu lenyewe: Waingereza ndio walioweka hasara. Gari liliuzwa pauni 2,798, wakati Aston Martin DB5 ilipita 4,000. Bei haikulingana na gharama, vipuri vikachelewa kutoka kwa waliopaswa kuvileta, fedha zikakatika, na mwaka 1965 kampuni ikafilisika ikiwa imeuza kama magari 90. Wengine wakaichukua, wakaunda machache zaidi, wakafunga. La mia likakusanywa kutokana na vipuri vilivyobaki.

Mzee alilinunua lake katikati ya miaka ya 1970. Mafuta yalikuwa yamepanda bei tangu 1973, na hakuna aliyetaka injini ya silinda nane yenye matangi mawili ya petroli, tena ya kampuni iliyokwisha kufa. Alilipata, kwa maneno yake, kwa bei ya aibu. Akawa analiendesha. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke: analiendesha. Lilikwenda sokoni, lilikwenda shule alikofundisha, lilibeba ngazi juu ya paa na mbwa mwenye matope ndani. Watu wenye magari ya majina makubwa walikuwa wakilipita bila kuligeukia, naye hakujali. Waliolipenda miaka hiyo walikuwa wachache, na walilipenda kama mtu anavyompenda punda wake. Injini ya Chevrolet ilipatikana vipuri, faiba haiozi. Chuma cha chini tu ndicho kilichohitaji jicho. Klabu ya wenyewe inasema zaidi ya 90 kati ya yale 100 bado yapo. Kwa gari la umri ule, idadi hiyo si ya kawaida.

Kazi yangu niliiharibu kwanza. Mombasa tulikuwa tukiitia resini dawa ya kugandisha kidogo mno, kwa sababu joto lenyewe ni nusu ya kazi. Ukizidisha, mchanganyiko unagandia kwenye kopo kabla hujageuka. Nikapima kwa kipimo cha Mombasa. Februari ya Uingereza haikunielewa. Siku mbili resini ilinata kama asali. Kwa hasira nikaibandua, nikatia nyingine na dawa mara tatu, halafu nikasogeza na hita karibu. Ikachemka, ikatoa moshi, ikapasuka, na mle gerejini kukanuka hadi jioni. Mzee alifika saa nne yake, akatazama lile shimo jeusi, akanimiminia chai. Hakusema neno. Nilikata mpaka nikafika pazima, nikapasha joto paneli taratibu kwa taa, nikalaza vitambaa vya nyuzi za kioo tabaka kwa tabaka kutokea ndani. Sikuwa na kitambaa chembamba cha kutosha, kwa hiyo tabaka la mwisho nililaza kile kinene cha mashua. Kwa nje hungejua. Kwa ndani ya bawa la gurudumu lilionekana kama tako la ngalawa.

Alipolichukua alinizungusha. Kutoka gerejini mpaka barabara kuu, kisha akakanyaga. Sitaeleza sauti ile. Waliowahi kusikia injini kubwa ya Kimarekani ikiamka wanaijua. Nilichokikumbuka usiku ni kwamba alipokuwa akiendesha alikuwa akiongea na mbwa.

Miaka ikapita. Nilifungua karakana yangu ndogo, nikaoa, nikaota mvi. Gari lile nililiona mara kwa mara, kisha nikasikia mzee amefariki na limeuzwa. Wakati huohuo upepo ulibadilika. Vijana waliokuwa wakicheka wakawa na fedha, na magazeti ya magari ya zamani yakagundua kwamba uchache wenyewe ni sifa. Jina la Giugiaro likawa linatajwa kwanza, kabla ya jina la gari. Wenye nayo wakaanza kuyajua yote kwa namba za chesisi, lipi liko wapi, lipi lilibadilishwa rangi lini, kama wazee wa ukoo wanavyohesabu wajukuu. Sikuwalaumu. Nilikuwa nimenunua vitabu vile vile, na jioni nilikuwa nikivifungua kwenye ukurasa ule ule.

Kiangazi cha 2019 nilikwenda kwenye maonyesho ya magari, uwanja wa majani huko huko Hampshire. Nililitambua kabla sijaiona namba yake. Sasa lilikuwa na rangi ya samawati iliyokolea, limeng'aa hadi mawingu yalionekana juu ya boneti. Lilikuwa limeletwa juu ya trela. Kiti cha nyuma kilikuwa na ngozi mpya, na alama ya mbwa hakuna. Mwenye nalo, mtu mpole aliyevaa glavu nyeupe za pamba, alikuwa akiwaeleza watu historia yake, na kila alichosema kilikuwa kweli: siku 27, Bertone, pauni 2,798, kobe. Aliijua kuliko mzee mwenyewe. Kisha akapiga magoti na tochi, akamulika ndani ya bawa la mbele, akaeleza kwamba hapo pana ukarabati wa zamani, haujulikani wa nani, umefanywa kwa kitambaa kisicho cha magari. Amefikiria kuuondoa ili gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, lakini mafundi wawili wamemshauri asiuguse, maana hapo ndipo pagumu kuliko bodi yote.

Watu wakainama mmoja mmoja kuchungulia. Nikainama na mimi. Kilikuwa pale, kile kitambaa kinene, chini ya rangi nyeusi safi.

Mkono ulikwenda wenyewe, vidole vimekunjwa tayari, kama alivyonifundisha mjomba.

"Samahani, bwana," akasema yule mwenye glavu, kwa adabu kabisa, "tafadhali usiguse."