Mawe ya Tukuyu na Oili Namba 90

Ukisema chuoni kwamba kwenu ni Tukuyu, watu wanakuuliza habari za chai na ndizi. Sawa, vipo. Ila sehemu ya ada yangu inatoka kwenye mawe. Rungwe ni nchi ya volkano. Chimba shimo la choo, sehemu nyingi unakutana na mwamba wa jamii ileile iliyofanya Daraja la Mungu pale Mto Kiwira. Sululu inaruka tu. Hapo ndipo anapoitwa baba mdogo na mashine yake ya umeme ya kuvunjia, na likizo msaidizi wake ni mimi.

Mashine hiyo ni moja. Ikifa, nyumba nzima inasubiri, na mimi nasubiri nayo.

Kwa hiyo ubishi wetu wa Julai haukuwa mdogo. Baba mdogo anaamini kinachopiga jiwe kinataka oili nzito. Alikuwa anatia ya giaboksi, namba 90, na ikipungua anajazia oili chafu ya bure kutoka gereji ya bodaboda. "We mwalimu, jiwe si chaki," akaniambia. Baba mdogo humjibu kama unavyomjibu mwenzako kwenye semina. Nikauliza tu: "Baba, mbona asubuhi haipigi?"

Maana kweli ilikuwa haipigi. Tukuyu ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na asubuhi ya Julai ukiongea mdomo unatoa moshi. Mashine inaunguruma, tindo limetulia. Ndani yake mota inazungusha kranki, kranki inasukuma pistoni, lakini pistoni haigusi nyundo ya ndani. Katikati yao kuna hewa. Hewa hiyo ikibanwa ndiyo inairusha nyundo ikagonge tindo. Sasa oili ikiwa nzito kama asali, nyundo inashikwa na hewa inahangaika bure. Mpaka ipate joto, ndiyo vibarua wanasema "imeamka". Nusu saa ya umeme imeshaliwa.

Kitabu chake kilikuwa bado kwenye boksi, hakijafunguliwa: 15W-40, ijazwe mpaka katikati ya kidirisha cha kioo. Namba yenye W inaeleza oili inavyotembea kwenye baridi. Ya pili inatokana na kipimo cha nyuzi 100 za Selsiasi. Na hapa ndipo wengi wanadanganyika dukani: 90 ya giaboksi na 40 ya injini hazipo kwenye mizani moja. Zikishapata moto, uzito wao haupishani sana kama namba zinavyotisha. Zinapishana kwenye baridi, yaani kwetu. (Mashine yako inaweza kutaka nyingine. Soma kitabu chake.)

Oili chafu ndiyo mbaya kabisa. Imebeba masizi na unga wa chuma, unasaga oringi ya pistoni taratibu. Oringi ikilika hewa inavuja, pigo linalegea, na fundi anakuambia mota imechoka. Kuzidisha nako ni hasara, oili inapanda mpaka kwenye mota na kulowesha kaboni. Zisizo na kidirisha mara nyingi ni za grisi, hizo usizimiminie oili.

Tulifungua nati ya chini. Ikatoka nyeusi, mpaka tukaipasha kidogo juani ndiyo ikamalizika. Baba mdogo akaisugua kati ya vidole, akaiinua kwenye mwanga, akaona vimeta vya chuma. Hakusema kitu. Akatoa hela, akanituma dukani.

Kesho yake saa moja na nusu, ukungu bado umefunika migomba, mashine ikapiga mara ya kwanza tu ilipowashwa. "Ni kwa sababu oili ni mpya," akasema. Tangu hapo ananunua 15W-40. Oili chafu bado anaichukua gereji, anapaka mbao za kumwagia zege zisigande, na hapo sina ubishi naye.